Wengi Wape, Lakini Wape Nini? Kisa cha Bunge la Uingereza na Brexit

Jioni ya Jumatatu, tarehe 1 Aprili 2019, wabunge wa Uingereza walipigia kura mapendekezo manne juu ya Brexit, yaani kuondoka kwa nchi yao kwenye Umoja wa Ulaya. Yote manne yalianguka. Lililokaribia kupita, la kubaki kwenye umoja wa forodha, yaani kutoza ushuru mmoja na Ulaya kwa bidhaa za nje, lilipata kura 273 za ndiyo na 276 za hapana. Siku tano kabla ya hapo wabunge hao hao walikuwa wameletewa mapendekezo manane na hawakupitisha hata moja. Katikati yake, Ijumaa ya tarehe 29 Machi, siku ambayo kwa ratiba ya awali nchi ilipaswa kuondoka, mkataba wa kuondoka ambao serikali yenyewe ilikuwa imekubaliana na Ulaya ulikataliwa kwa mara ya tatu, kura 344 kwa 286.

Nick Boles, mbunge wa chama tawala cha Wahafidhina aliyekuwa amebeba mojawapo ya mapendekezo hayo, alisimama baada ya matokeo kusomwa, akasema ameshindwa kwa sababu chama chake hakitaki maridhiano, akakihama palepale na kutoka ukumbini. Mapema jioni hiyo wanaharakati wa mazingira walikuwa wamevua nguo kwenye roshani ya wageni na kujigandisha kwa gundi kwenye kioo. Wabunge waliendelea kuchangia hoja, baadhi wakichomekea utani. Hali ilikuwa imefika huko.

Wengi hueleza mkwamo ule kwa tabia za watu: wanasiasa wabinafsi, Waziri Mkuu Theresa May asiye na ushawishi, vyama vilivyopasuka. Haya yote yalikuwepo. Ila ukizipitia kura zenyewe moja baada ya nyingine, unakuta karibu kila kundi lilipiga kura kwa hesabu yenye mantiki kwa upande wake. Kilichokosekana ni kitu kimoja ambacho wengi walikuwa wamekiomba kwa pamoja. Kanuni ni wengi wape, na Uingereza iliikubali kanuni hiyo mapema kabisa. Kisha ikakaa miaka mitatu na nusu ikigombana juu ya walichoomba hao wengi.

Swali la 2016

Kura ya maoni ya tarehe 23 Juni 2016 iliuliza kama Uingereza ibaki mwanachama wa Umoja wa Ulaya au itoke. Waliotaka kutoka walikuwa 17,410,742, asilimia 51.9. Waliotaka kubaki walikuwa 16,141,241, asilimia 48.1. England na Wales zilichagua kutoka, kwa asilimia 53.4 na 52.5. Uskoti ilichagua kubaki kwa asilimia 62, na Ireland Kaskazini kwa asilimia 55.8.

Kubaki kulikuwa na sura moja, maana ndiyo maisha ambayo watu walikuwa wakiishi tangu nchi ijiunge tarehe 1 Januari 1973. Kutoka kulikuwa na sura nyingi. Norway haimo kwenye Umoja, lakini imo kwenye soko la pamoja, inachangia fedha na inapokea raia wa Ulaya wanaokuja kufanya kazi. Uturuki ina umoja wa forodha na Ulaya bila kuwa sokoni. Uswisi ina rundo la mikataba ya pande mbili. Kanada ina mkataba wa biashara tu. Na nchi isiyo na mkataba wowote hufuata kanuni za Shirika la Biashara Duniani. Zote ziko nje ya Umoja. Karatasi ya kura haikumuuliza mtu anataka kuwa nje kwa namna ipi kati ya hizo.

Kampeni ya kutoka ilikuwa na sababu nzuri ya kuacha jambo hilo bila ufafanuzi. Mfanyabiashara aliyechoshwa na kanuni za Brussels, makao makuu ya Umoja, anayetaka bidhaa za dunia nzima ziingie kwa urahisi, aliweka alama kwenye kisanduku kilekile na mkazi wa mji wenye viwanda vilivyofungwa, anayetaka ulinzi zaidi na wahamiaji wachache. Alikuwepo mvuvi aliyetaka bahari yake. Alikuwepo pia mtu ambaye kwake jambo lilikuwa moja tu: sheria zitungwe Westminster, kwenye Bunge la London, gharama itakavyokuwa na iwe. Ukiwaeleza hawa wote kwa undani watakapofika, unawagawa kabla ya siku ya kupiga kura. Kwa hiyo kaulimbiu ikawa ni kurejesha mamlaka, na basi jekundu likazungushwa nchini na madai kwamba Uingereza hupeleka Ulaya pauni milioni 350 kila wiki. Namba hiyo ilikuwa kabla ya kuondoa punguzo ambalo nchi ilikuwa ikipata, na mamlaka ya takwimu ya nchi yenyewe iliikosoa.

Upande wa kubaki nao uliendesha kampeni ya kutisha. Wizara ya Fedha ilisema kufikia 2030 kila kaya ingekuwa imepungukiwa pauni 4,300 kwa mwaka. Ni wachache waliopanda jukwaani kusema kwamba wanaupenda Umoja wa Ulaya wenyewe. Wiki moja kabla ya kura, tarehe 16 Juni, mbunge Jo Cox aliyekuwa akitetea kubaki aliuawa jimboni kwake na mtu mwenye itikadi kali za mrengo wa kulia.

Waingereza walikuwa wameshaulizwa swali la namna hii mwaka 1975, na asilimia 67 wakachagua kubaki kwenye Jumuiya ya Ulaya. Ushindi ule haukuhitaji tafsiri, kwa sababu walioshinda walitetea kilichokuwepo. Greenland ni mfano wa karibu zaidi, na hautajwi inavyostahili. Iliingia Ulaya mwaka 1973 ikiwa chini ya Denmark, ingawa wakazi wake wengi walikuwa wamekataa. Ikapata utawala wa ndani 1979, ikapiga kura 1982, takriban asilimia 53 wakataka kutoka, ikaondoka 1985. Pengo lile halitofautiani sana na la Uingereza. Lakini ugomvi wa Greenland ulikuwa wa samaki, na makubaliano ya kuondoka yakawa ya samaki: Ulaya iliendelea kuvua kwa malipo, na Greenland ikaendelea kuuza samaki wake Ulaya bila ushuru. Aliyeshinda na aliyeshindwa wote walijua kilichoamuliwa.

May anajaza pengo

Theresa May, ambaye mwenyewe alikuwa upande wa kubaki, alichukua uwaziri mkuu Julai 2016. Kauli yake kwamba Brexit maana yake ni Brexit ilichekwa sana, lakini ilieleza hali kama ilivyokuwa. Januari 2017, katika hotuba ya Lancaster House, akalijaza pengo kwa mkono wake: nchi ingetoka kwenye soko la pamoja, ingetoka kwenye umoja wa forodha, na ingetoka chini ya Mahakama ya Ulaya. Hakuna kura ya Bunge iliyotangulia uamuzi huo.

Siku saba baadaye Mahakama ya Juu iliamua, majaji 8 dhidi ya 3, kwamba serikali haiwezi kuanzisha mchakato wa kutoka bila sheria ya Bunge. Wabunge wakaupitisha muswada kwenye kura yake kuu ya kwanza kwa 498 dhidi ya 114. Kwa maoni yangu hapo ndipo nafasi kubwa kuliko zote ilipopotea. Bunge lilikuwa limepewa na mahakama uwezo wa kusema, tutakuruhusu kuanza ukishatuonyesha unakokwenda na tukahesabu kura za huko. Halikusema. Barua ya kutoka ilipelekwa Brussels tarehe 29 Machi 2017, na muda wa miaka miwili uliowekwa na mkataba wa Ulaya ukaanza kupungua.

May akaitisha uchaguzi Juni 2017 ili aongeze wabunge, akapoteza hata wingi aliokuwa nao. Akabaki akitegemea wabunge 10 wa DUP, chama cha Ireland Kaskazini kinachotetea muungano na Uingereza. Jambo hili lingekuja kumgharimu, kwa sababu ya mpaka ambao kwenye kampeni ya 2016 ulizungumzwa kidogo sana nje ya kisiwa cha Ireland.

Ahadi tatu, nafasi mbili

Mpaka kati ya Ireland Kaskazini na Jamhuri ya Ireland una urefu wa karibu kilomita 500, na zaidi ya barabara 200 zinaukatiza. Mkataba wa Ijumaa Kuu wa tarehe 10 Aprili 1998 ulimaliza miaka thelathini ya umwagaji damu ulioua watu karibu 3,500. Ukaguzi wa forodha ulikuwa umeshaondolewa na soko la pamoja mwaka 1993, na baada ya amani minara ya jeshi nayo ikabomolewa. Leo maziwa hukamuliwa upande mmoja na kusindikwa upande wa pili, na dereva hugundua amevuka pale alama za mwendo zinapobadilika kutoka maili kuwa kilomita.

Sasa serikali ilikuwa imetoa ahadi tatu. Ya kwanza, nchi nzima itatoka kwenye forodha na soko la Ulaya. Ya pili, hakutakuwa na ukaguzi kwenye mpaka huo wa nchi kavu. Ya tatu, hakutakuwa na ukaguzi wa bidhaa kati ya Ireland Kaskazini na sehemu nyingine za Uingereza. Unaweza kutimiza mbili zozote kati ya hizo, lakini si zote tatu. Umoja wa forodha maana yake ni kwamba wanachama wanatoza ushuru uleule kwa bidhaa za nje, kwa hiyo mzigo ukishaingia bandari moja hautozwi tena. Soko la pamoja linaongeza viwango vilevile vya usalama na ubora. Ukiwa nje ya vyote viwili, kontena la nyama lenye viwango tofauti lazima likaguliwe mahali fulani: ama kwenye mpaka wa nchi kavu, ama kwenye bahari kati ya visiwa viwili. Mshika mbili moja humponyoka, na hawa walishika tatu.

May alitafuta njia ya kuahirisha. Mkataba wake wa Novemba 2018 ulikuwa na kipengele cha tahadhari: mpaka utakapopatikana utaratibu mwingine, Uingereza nzima ingebaki kwenye umoja wa forodha na Ulaya, huku Ireland Kaskazini ikifuata kanuni za ziada za soko. Kwa maneno mengine, ahadi ya kwanza ingewekwa kiporo, pengine kwa muda mrefu sana. Boris Johnson na David Davis walikuwa wameshajiuzulu uwaziri Julai 2018 wakipinga mpango uliotangulia mkataba huo. Tarehe 15 Januari 2019 Bunge likaukataa kwa 432 dhidi ya 202. Hakuna serikali ya Uingereza ya zama hizi iliyowahi kushindwa bungeni kwa tofauti kubwa hivyo.

Hesabu za Machi na Aprili

Wabunge wa Uingereza hupiga kura kwa miguu: wa ndiyo hupita mlango huu, wa hapana hupita ule. Usiku wa Januari 15, mlango wa hapana ulipitwa na watu walioona mkataba ni utumwa kwa Ulaya, wakifuatana bega kwa bega na watu walioona mkataba ni kuikimbia Ulaya. Kura zao zilihesabiwa pamoja kwa sababu zilikuwa za kukataa. Ni picha ya 2016 iliyogeuzwa: kule umoja ulitengenezwa na watu waliokataa kubaki kwa sababu zinazopingana, na huku ukatengenezwa na watu waliokataa mkataba kwa sababu zinazopingana.

Wahafidhina 118 waliupinga mkataba wa kiongozi wao Januari, wakabaki 75 tarehe 12 Machi, na 34 tarehe 29 Machi. Johnson mwenyewe alikubali mara hiyo ya tatu. Kati ya wale 34, 28 walikuwa wafuasi wa kutoka kabisa, na hesabu yao ilikuwa nyepesi. Sheria ilisema kusipopita kitu, nchi inatoka bila mkataba. Wao walikuwa radhi na hilo. Kwa nini wapigie kura kitu chochote?

Upande wa pili walikuwepo waliotaka wananchi warudishiwe swali. Hesabu yao ilikuwa ya namna hiyohiyo: ikipita Brexit laini, ya kutoka huku nchi ikibaki karibu na Ulaya, hoja ya kura ya pili inakufa siku hiyohiyo. Ndiyo maana tarehe 1 Aprili baadhi yao waliupinga umoja wa forodha au walikaa kando. Kura ya pili ya wananchi yenyewe ilipata 280 dhidi ya 292. Mfano wa Norway ulipata 261 dhidi ya 282. Kufuta mchakato mzima kama njia ya kuepuka kutoka bila mkataba kulipata 191 dhidi ya 292.

Kila kundi la pembeni liliamini kwamba muda uko upande wake. Haikuwezekana wote wawe sahihi, lakini iliwezekana kabisa wote kwa pamoja waiue njia ya katikati, na waliiua. Utaratibu wa kupiga kura uliwasaidia. Kila pendekezo liliulizwa peke yake, ndiyo au hapana, na mbunge aliweza kuyakataa yote bila kulazimishwa kusema lipi lina afadhali. Wangepanga kwa vipaumbele, la mwisho likiondolewa kila raundi, nadhani umoja wa forodha ungeshinda. Ni dhana yangu tu, na isitumike kuzikuza zile kura tatu: mawaziri waandamizi waliagizwa wasipige kura jioni ile, na wangepiga huenda pengo lingekuwa kubwa zaidi.

Aliyebeba pendekezo la forodha alikuwa Kenneth Clarke, Mhafidhina aliyeingia bungeni mwaka 1970 na mpenda Ulaya asiyejificha. Februari 2017, muswada wa kuanza kutoka ulipopigiwa kura hiyo kuu, yeye ndiye Mhafidhina pekee aliyesema hapana. Mara zote tatu mkataba wa May ulipokuja, alisema ndiyo. Alikuwa ameshindwa, akakubali kwamba ameshindwa, na sasa alitafuta namna ya kutoka yenye madhara madogo. Waliokuwa wamepigania kutoka kwa miongo miwili walipita mlango wa hapana huku yeye akipita wa ndiyo. Sijui kisa kingine bungeni kinachoonyesha vizuri zaidi jinsi maana ya kutoka ilivyokuwa imepotea.

Nje ya Bunge watu nao walikuwa wakihamia pembeni. Ombi la mtandaoni la kufuta mchakato lilipata sahihi zaidi ya milioni 6 mwezi Machi. Maandamano makubwa ya kudai kura ya pili yalijaza katikati ya London tarehe 23 Machi, na tarehe 29 uwanja wa mbele ya Bunge ukajaa waliotaka kutoka, wakisema wamesalitiwa. Kwa kuwa nchi ilikuwa imeongezewa muda na bado ni mwanachama, ililazimika kushiriki uchaguzi wa Bunge la Ulaya tarehe 23 Mei. Chama cha Brexit cha Nigel Farage, kilichozinduliwa mwezi uliotangulia, kilishika nafasi ya kwanza kwa viti 29. Liberal Democrats, waliotaka kubaki, wakawa wa pili. Wahafidhina, chama tawala, walikuwa wa tano na chini ya asilimia 9. May alikuwa ameshatangaza kung'atuka tarehe 24 Mei, kabla matokeo hayajatoka.

Ahadi iliyotupwa

Novemba 2018 Boris Johnson alikwenda Belfast kwenye mkutano wa DUP na kuwaambia kwamba hakuna serikali ya Wahafidhina inayoweza kukubali mpaka wa forodha baharini. Julai 2019 akawa Waziri Mkuu. Oktoba akakubaliana na Ulaya mkataba wenye mpaka wa forodha baharini. Alichagua ahadi ya kwanza na ya pili, akaitupa ya tatu. Na kama nilivyosema, mbili ndizo zilizokuwa zinawezekana. Alifanya kile ambacho May alikwepa, na kisiasa kilimlipa. Desemba 12 alishinda viti 365, wingi wa viti 80, kwa asilimia 43.6 ya kura. Vyama vilivyoahidi kura ya pili vilipata kwa jumla zaidi kidogo ya nusu ya kura zote, ila viligawana, na mfumo wa majimbo haumpi chochote aliyegawana. Tarehe 31 Januari 2020 Uingereza ilitoka.

Waliounda ule wingi wa 2016 walipata nini? Aliyetaka sheria zitungwe Westminster alipata, isipokuwa Ireland Kaskazini, ambako kanuni nyingi za bidhaa bado zinatoka Brussels. Aliyetaka wahamiaji wapungue alishuhudia uhamiaji ukipanda kupita viwango vyote vya awali ndani ya miaka michache, safari hii wengi wakitoka nje ya Ulaya. Kiuchumi, ofisi huru inayosimamia makadirio ya bajeti ya Uingereza inahesabu kwamba tija ya nchi kwa muda mrefu itakuwa chini kwa takriban asilimia 4 kuliko kama isingetoka.

DUP waliukataa mkataba wa May mara tatu ili Ireland Kaskazini isitendewe tofauti na England, na wakaishia na mkataba unaoitofautisha zaidi. Februari 2022 walijitoa kwenye serikali ya Belfast kwa hasira, ikakaa bila kufanya kazi mpaka Februari 2024, baada ya makubaliano ya Windsor ya 2023 kati ya Uingereza na Ulaya kupunguza ukaguzi. Serikali iliporudi, waziri wa kwanza alikuwa Michelle O'Neill wa Sinn Féin, chama kinachotaka Ireland iungane.

Chini ya mkataba huo, Bunge la Ireland Kaskazini hupewa nafasi ya kusema kama kanuni za Ulaya ziendelee. Lilipiga kura mara ya kwanza tarehe 10 Desemba 2024. Mambo mazito kule huhitaji ridhaa ya jamii zote mbili, ya wanaotetea muungano na Uingereza na ya wanaotaka Ireland iungane, lakini kwa hili iliamuliwa kwamba wingi wa kawaida unatosha. Kanuni ziliidhinishwa kwa kura 48 dhidi ya 36, na hakuna hata mbunge mmoja wa upande wa muungano aliyesema ndiyo. Kwa kuwa ridhaa ya pande mbili haikupatikana, muda ulioongezwa ni miaka minne badala ya minane, na mwaka 2028 wataulizwa tena.